Uchovu wa kila siku: sogeza chai kwanza, majani ya dawa baadaye

Tanga hii, mtu akisema mwili umemlegea, magoti hayana nguvu na ikifika saa nne asubuhi anasinzia kazini, hatatoka barazani bila kutajiwa mti. Mlonge, mwarobaini, rozela, mchaichai. Miti hiyo mingine ina faida yake na tutaifikia. Ila kabla hujachuma jani, tazama birika la asubuhi na sahani ya mchana. Nguvu nyingi hupotelea hapo, na kurekebisha hapo hakuna gharama.

Kwanza upambanue uchovu wenyewe. Ule wa kukosa usingizi, wa joto au wa mlo mbovu hupungua wiki mbili tatu baada ya kubadili mwenendo. Ukiwa na homa, nenda zahanati siku hiyohiyo upime malaria; kipimo cha tone la damu la kidoleni hutoa jibu kwa takriban dakika 20, na malaria haitibiki kwa uji. Vivyo hivyo usijikalie nyumbani ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, mwili kupungua bila sababu, choo cheusi kama lami, hedhi inayopita siku saba, au moyo kwenda mbio na pumzi kukata kwa kupanda ngazi chache tu. Mjamzito aliyechoka aseme kliniki, asijitibu.

Kinachobaki baada ya hayo, hasa kwa wanawake na wasichana, mara nyingi ni upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini ya chuma. Vuta kope la chini mbele ya kioo mchana: ndani panatakiwa pawe pekundu. Pakiwa peupe, hiyo ni ishara ya kukupeleka ukapime, si jibu. Kipimo cha wingi wa damu kwa mwanamke asiye mjamzito kisishuke chini ya gramu 12 kwa desilita, mjamzito 11, mwanamume 13. Ishara nyingine ambayo watu huicheka ni hamu ya kula udongo, barafu au mchele mbichi. Yule anayenunua vipande vya udongo sokoni na kuvitafuna siku nzima huenda ana upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kuzuia chuma kidogo anachokula kisiingie mwilini.

Sasa chai. Milima ya Usambara inatulimia chai nzuri na hakuna anayekwambia uiache. Tatizo ni wakati. Chai ina tanini, na tanini hukamata chuma cha mboga na nafaka tumboni kikatoka nacho bila kufyonzwa. Kikombe kimoja cha chai ya rangi kikinywewa pamoja na chakula kinaweza kupunguza ufyonzwaji wa chuma hicho kwa zaidi ya nusu. Chai ya maziwa nayo haikwepi, kwani kalisiamu ya maziwa huzuia chuma pia. Kahawa vilevile. Chuma cha nyama na samaki huathirika kidogo tu, lakini sahani nyingi zetu hutegemea maharage, kunde na majani.

Basi tenganisha. Kula, kisha subiri saa moja ndipo unywe chai. Au kunywa chai yako mapema na ule saa moja baadaye. Mwenye mazoea ya kushushia mihogo kwa chai ashushie maji, juisi ya ukwaju au maji ya limau. Wiki ya kwanza utaona kama mlo haujakamilika. Vumilia, ulimi huzoea.

Baada ya kuondoa kizuizi, weka kisukumio. Vitamini C ikiwa kwenye mlo uleule huongeza kufyonzwa kwa chuma cha mboga mara mbili na zaidi. Tanga haina kisingizio hapa: machungwa ya Muheza yanafika soko la Mgandini kwa mafungu, malimau yapo, na pera moja lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Nusu limau kamulia kwenye mboga ikiwa tayari sahanini, si jikoni, maana moto huiharibu. Chungwa lililwe pamoja na chakula, si jioni peke yake. Kachumbari ya nyanya na pilipili hoho mbichi nayo inatosha.

Mboga inayobeba yote haya vizuri ni kisamvu, ila kinapikwa vibaya kuliko mboga nyingine yoyote. Kwa watu watano:

1. Loweka kikombe kimoja cha kunde usiku kucha, mwaga maji hayo asubuhi, chemsha kwa maji mapya hadi ziive. Kuloweka hupunguza vizuizi vya chuma vilivyo ndani ya kunde, na gesi pia.
2. Chuma majani machanga ya juu, mafungu mawili, ondoa vikonyo. Twanga kinuni mpaka yawe laini kabisa. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na kutwanga ndiko kunakoifungua ipate kutoka. Kukatakata kwa kisu hakutoshi.
3. Chemsha kwa maji mengi, sufuria wazi, angalau nusu saa. Ukifunika, mvuke wenye sumu unarudi chunguni. Usipojua kama muhogo ni mtamu au mchungu, mwaga maji ya kwanza uweke mengine.
4. Tia kunde, kitunguu, nyanya na viganja viwili vya dagaa waliooshwa mchanga na kukaangwa bila mafuta. Kiasi kidogo cha samaki kwenye mboga husaidia hata chuma cha majani kifyonzwe vizuri zaidi.
5. Tui zito liingie mwisho, moto mdogo, dakika kumi, ukikoroga lisikatike. Mafuta ya nazi yanausaidia mwili kuchukua vitamini A ya majani.
6. Limau sahanini.

Usitie magadi. Yanalainisha upesi na kutunza rangi ya kijani, lakini yanaua vitamini C na vitamini B1. Hili ni kosa la karibu kila jiko, kwenye mlenda na kwenye maharage magumu vilevile. Maharage yaliyolowekwa vizuri hayahitaji magadi.

Mwenye kikaango cha chuma kizito apikie humo mchuzi wa nyanya au wa ukwaju, kwa kuwa uchachu hutoa chuma kwenye chombo na kukitia chakulani. Sufuria za alumini hazifanyi hivyo. Maini ya ng'ombe, gramu 100 mara moja kwa wiki, ni njia fupi kuliko zote. Mjamzito asiyazidishe kwa sababu ya wingi wa vitamini A.

Kusinzia kwa saa nne asubuhi kuna sababu yake nyingine. Chai ya sukari vijiko vitatu na maandazi mawili ni wanga mtupu: sukari ya damu inapanda haraka kisha inashuka. Maandazi yenyewe si dhambi ukiyala na mbaazi za nazi, kama wanavyokula wengi pwani, kwani mbaazi zina protini na hukaa tumboni. Uji nao ukitiwa vijiko viwili vya karanga zilizosagwa kwa kila bakuli hufika mchana. Unga wa ulezi ukilowekwa kwa maji na kuachwa uchachuke usiku mmoja kabla ya kupikwa, chuma chake hufyonzwa vizuri zaidi.

Unaweza kula vizuri na bado ukapungukiwa, kama kuna anayekunyonya ndani. Safura (minyoo ya utumbo) hukaa kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli uliochafuliwa na kinyesi, na viluwiluwi vyake huingia kupitia ngozi ya mguu mtupu. Kisha hung'ang'ania utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo, miezi na miaka. Kwa hiyo: ndara au viatu shambani na bustanini, choo cha kufunika, na kupima choo zahanati uchovu ukiwa pamoja na upungufu wa damu. Dawa ya minyoo ni rahisi. Mbegu za papai, vitunguu saumu na mchanganyiko mwingine wa kienyeji usiutegemee kwa safura. Wakati ukingoja, damu inaendelea kuondoka. Mjamzito hapewi dawa ya minyoo miezi mitatu ya mwanzo.

Joto nalo ni habari kubwa. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, jasho la Tanga halikauki kwa sababu ya unyevu wa hewa, kwa hiyo mwili haupoi na mtu anaendelea kutoa maji bila kujua. Kichwa kizito saa nane mchana mara nyingi ni kiu tu. Tazama mkojo: rangi ya njano hafifu ni sawa, rangi ya chai ni upungufu wa maji. Anayefanya kazi juani, baharini au bandarini anywe kikombe kimoja kila dakika 20 hivi, asisubiri kiu, na ale kitu chenye chumvi mchana. Dafu ni zuri, lina potasiamu nyingi, ila chumvi yake ni ndogo, hivyo baada ya jasho jingi lisiwe peke yake. Aliyeharisha au kutapika anahitaji kitu kingine: lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto, kwa hiyo pakiti ya dukani ni bora ikipatikana.

Usingizi tuupite upesi. Kahawa chungu ya barazani baada ya Isha ni tamu na mazungumzo yake matamu zaidi, lakini nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha mwisho kiwe alasiri. Oga kabla ya kulala, fungua madirisha yanayopokea upepo wa bahari, na chandarua kiwepo hata joto likizidi. Mwezi wa Ramadhani sogeza daku karibu na alfajiri, na chai ya futari ije baada ya Tarawehe badala ya kando ya sahani.

Sasa majani. Mlonge ni mboga nzuri, na unga wake wa majani unatengenezeka nyumbani. Chuma majani yaliyokomaa yasiyo na madoa, yaoshe, yachuje maji yote. Tandaza kivulini penye hewa, tabaka moja tu, juu ya kitambaa safi, ukigeuza mara mbili kwa siku. Januari na Februari siku tatu nne zinatosha. Msimu wa masika usijaribu, yataota ukungu kabla hayajakauka. Yakivunjika vidoleni kama karatasi, twanga, chekecha, hifadhi kwenye kopo kavu lisilopitisha mwanga, utumie ndani ya miezi sita. Unga wa kahawia umechomwa na jua na vitamini A yake imepungua. Wenye harufu ya uvundo utupe wote, usichague.

Kijiko kimoja cha chai kwa siku, kwenye mboga au uji ulioshuka jikoni. Ila uweke matumaini mahali pake: kijiko hicho kina karibu nusu miligramu ya chuma, na mwanamke mwenye hedhi anahitaji karibu miligramu 18 kwa siku. Mlonge unaongeza ubora wa mlo. Hautibu upungufu wa damu. Mizizi na magome yake yasitumike kabisa, hasa na mjamzito, na anayemeza dawa za kisukari au presha amuulize mhudumu kwanza, maana majani yanaweza kushusha vyote viwili.

Rozela hupendwa kwa kuwa ni nyekundu. Rangi ya kinywaji haina uhusiano na damu. Rozela inaburudisha na inaweza kushusha presha kidogo, kwa hiyo mwenye presha ya chini anayeinywa ili "aongeze damu" anaweza kuzidi kusikia kizunguzungu. Mwarobaini si kinywaji cha kutia nguvu. Mafuta yake yameleta sumu kali kwa watoto wadogo, usimpe mtoto.

Ukipima ukakuta damu imeshuka kweli, mlo peke yake utachelewa. Vidonge vya chuma vinavyotolewa hospitali ndivyo vinavyojaza pengo. Mwenye selimundu (sikoseli) asivimeze bila kuelekezwa, kwa sababu damu yake hupungua kwa sababu nyingine na chuma kinaweza kumzidi. Meza kwa maji ya limau au chungwa, mbali na chai na maziwa kwa saa moja au mbili. Tumbo likisumbua, meza baada ya kula au uulize kuhusu kumeza siku moja na kuruka moja, usiache kimyakimya. Choo kitageuka cheusi na hiyo ni kawaida ya vidonge, ila kikiwa laini kama lami na kunuka vibaya, rudi hospitali. Vifungie juu, kwani vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto. Baada ya wiki nne pima tena: damu inatakiwa iwe imepanda kwa takriban gramu moja kwa desilita au zaidi. Ikipanda, endelea miezi mitatu mingine ili akiba ijae. Isipopanda na umemeza kila siku bila chai, kuna mahali inapovuja au ugonjwa mwingine, na hapo mwombe daktari atafute sababu badala ya kukuongezea vidonge vilevile.