SOMO: Kuamsha mbegu za ng'ombe maabara kwa heparini (msiniulize tena inbox)

Wakuu, wiki hii swali hili nimelijibu mara nne, sasa naliweka hapa basi. Mbegu ya dume ikitoka kwenye mrija ilimogandishwa inaogelea vizuri tu ila haiwezi kurutubisha yai mpaka kemikali za njia ya uzazi ya jike ziiamshe. Huko kuamka ndo kunaitwa kapasitesheni, watafiti Chang na Austin waliigundua 1951 kila mtu kivyake. Maabara tunaziamsha kwa heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda).

1. Mrija toka mtungi wa nitrojeni, tia kwenye maji ya 37°C, sekunde 30 hadi 40.
2. Osha kwa sentrifuji, kiini cha yai na gliseroli vilivyowekwa wakati wa kugandisha vitoke.
3. Midia (maji ya kuwekea mbegu): baikaboneti milimola 25, kalsiamu, albumini. Glukosi usiweke, kwa ng'ombe inaizuia heparini.
4. Hapa ndo niliumia. Baikaboneti ikiingia ndani ya mbegu inawasha enzaimu ya kutengeneza cAMP (kemikali ya kupeleka ujumbe ndani ya seli), cAMP inawasha enzaimu nyingine, PKA, na protini za mkiani zinaanza kubandikwa fosfeti, huku albumini inanyonya kolesteroli kwenye utando. Sasa mimi nikaweka midia kwenye inkubeta nikaenda kula, kumbe mtungi wa CO2 umeisha na sikuangalia geji, narudi nakuta ule wekundu wa midia (rangi ya kuonyesha pH) umekuwa pinki inayoelekea zambarau, pH imepanda, na mbegu nilishaziweka humo humo. Mirija yote kwaheri. ONYO: CO2 iwe 5%, midia ikae humo masaa kadhaa kabla, pH 7.4 hivi. Ukiona pinki MWAGA, usijipe moyo.
5. Heparini mikrogramu 10 kwa mililita, 38.5°C, masaa 4. Weka na kundi lisilo na heparini la kulinganishia.
6. Ongeza LPC (lisofosfatidilikolini, mafuta ya kuzijaribu kama zimeamka), dakika 15. Zilizoamka zinavua kofia ya kichwani (akrosomu), zilizolala hazishtuki.

MASWALI

— Mkuu joto ngapi?
Hatua ya 5.

— Naweza kumpa mume wangu hiyo heparini?
Dada, kichwa cha habari kimeandikwa NG'OMBE. Hiyo ni dawa ya kuzuia damu kuganda, haichezewi.

— Kafeini nasikia inaongeza kasi, inapitia wapi?
Swali zuri hili. Fikiria pipa: baikaboneti inafungua bomba la cAMP, kafeini inaziba tundu la chini, yaani inazuia enzaimu inayoivunja. Ila angalia, kwa nguruwe inaweza kuzivua kofia kabla ya wakati.

— Na binadamu?
Kuna projesteroni, inatoka kwenye seli zinazozunguka yai, inafungua mlango wa kalsiamu mkiani unaoitwa CatSper, mkia unapiga kwa nguvu. Ilionyeshwa 2011.

— Mimi wa uhimilishaji, mbona zangu zinakufa hata kabla ya midia?
Unafuta mrija kabla ya kukata?

— Hapana, nakata hivyo hivyo.
Tone moja la maji likiingia zinavimba zinakunja mikia. Tishu kavu, futa, ndo ukate. Na kikapu cha mirija usikivute kupita shingo ya mtungi ukiwa unatafuta namba ya dume.