Kabla hujalipa ada, nenda ukasimame uwanjani

Madarasa utaonyeshwa, vyoo utaonyeshwa, hata jiko. Uwanja wa michezo utaonyeshwa kwa kidole kutoka dirishani. Usikubali. Shuka mwenyewe ukasimame katikati robo saa.

Kama uwanja umepakana na barabara ya malori au kituo cha daladala, tafuta shule nyingine ukiweza. Mtoto anayekimbia anavuta hewa nyingi kuliko aliyekaa, na chembe laini za moshi wa dizeli zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Ella Adoo-Kissi-Debrah, binti wa miaka 9 aliyeishi karibu na barabara ya South Circular jijini London, alifariki kwa pumu mwaka 2013. Mwaka 2020 uchunguzi wa kifo chake ukataja uchafuzi wa hewa miongoni mwa sababu.

Uwanja wa vumbi umwagiwe maji kabla ya mazoezi. Hilo halina mjadala.

Sasa upepo, na hapa nisikilize vizuri. Mwanangu tulimwandikisha Januari, hapa hapa Dar. Nyuma ya goli la upande wa kusini palikuwa na shimo la taka. Nililiona, na moshi wake nikauona, ila ulikuwa unakwenda zake mbali na watoto. Ilikuwa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Nimezaliwa pwani, najua kaskazi haikai mwaka mzima, na bado sikuwaza. Juni kusi ikashika, upepo wa kutoka kusini. Moshi ule ule wa chupa za plastiki na mapampasi ukawa unalala uwanjani kila Ijumaa saa tisa alasiri, saa ya michezo, maana ndiyo saa ya kuchoma.

Ijumaa ya tatu nikapigiwa simu. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi, ameinama, mikono magotini, kifua kinapiga filimbi, nyama ya katikati ya mbavu ikibonyea ndani kila akivuta pumzi. Pampu yake ya pumu ilikuwa kabatini ofisini, na mwenye ufunguo ameshaondoka. Njia nzima ya hospitali nilikuwa nahesabu pumzi zake. Alipona, namshukuru Mungu.

Kwa hiyo uliza: taka zinachomwa wapi, siku gani, saa ngapi, na kusi ikivuma moshi unaelekea wapi. Mtoto ana pumu? Pampu iwe kwenye mkoba wa mwalimu wa michezo, uwanjani, na mwalimu umwonyeshe kwa mkono wako namna ya kuitumia. Mwambie pia kwamba siku moshi umetanda, hakuna kukimbia.

Angalia na jenereta, jiko la kuni, gereji ya jirani inayopuliza rangi. Barakoa ya kitambaa usiitegemee. Akikohoa usiku baada ya siku ya michezo, usiseme ni mafua tu, mpeleke akapimwe kifua. Na hata ukiridhika Januari, Juni rudi tena.