Riwaya ya siri za nyumbani: mwonyeshe anayeificha

Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na sura 24, na siri niliifungia hadi sura ya 23. Mama anapata barua: mtoto aliyemzaa kabla ya ndoa, ambaye nyumbani hakuna amjuaye, yu hai na anamtafuta. Anaificha. Msomaji naye nikamficha. Dada yangu akanirudishia makaratasi na swali moja: "Sasa huyu mama kurasa zote hizi alikuwa anafanya nini?"

Nikaihamishia barua sura ya 2. Msomaji akishajua, taharuki haiko tena kwenye "kuna nini humu?" Iko kwenye "atakamatwa lini?", na hiyo inabeba kurasa nyingi zaidi. Ukitaka kumficha msomaji pia, basi usisimulie kwa nafsi ya kwanza ya anayejua. Atajiona amechezewa. Simulia kupitia mtoto, au mkwe aliyehamia juzi.

Kisha chora jedwali: majina ya wahusika pembeni, sura juu. Katika kila kisanduku andika mojawapo: hajui, anashuku, anajua, anajua ila anajifanya hajui. Hilo la nne ndilo linaloipa nyumba joto. Nilipolijaza langu niligundua mume angeweza kuwa ameisoma barua tangu sura ya 5, na kila alipomuuliza mkewe "umelalaje?" swali likawa na makali ambayo sikuyapanga.

Miaka nayo ihesabu kwa kalamu. Mimi sikuhesabu, na mama wa riwaya yangu akaonekana amezaa akiwa na miaka 11.

Sababu ya kuficha ndiyo kazi yenyewe, usiipitie juu juu. Siku ya kwanza iwe sababu ambayo hata wewe ungeikubali: binti ana mtihani wiki hii, aumalize kwanza. Mtihani unakwisha. Sasa baba anaumwa. Baba anapona, na hapo mama anagundua kwamba akisema leo hataulizwa habari za mtoto tu. Ataulizwa miezi minne yote aliyonyamaza. Kila ucheleweshaji uongeze deni. Kama sababu ni ileile sura ya 3 na ya 15, riwaya imekwama.

Halafu yaonyeshe maficho kwa vitu. Barua iko kwenye droo ya mkasi. Binti anataka mkasi. Mama, ambaye miaka yote hujibu "katafute mwenyewe", safari hii anainuka: "Kaa tu, nakuletea." Ishia hapo. Usiongeze kwamba moyo ulimwenda mbio. Msomaji ameshauona mwili ukiinuka. Na majibizano yasome kwa sauti: mwenye siri hujibu upesi mno, au hujibu swali ambalo hakuulizwa.

Siri ikifichuka, epuka kuikusanya familia nzima sebuleni wapigiane kelele. Kila mtu aipate kwa wakati wake, na asiyestahili aijue kwanza, kwa maana ugomvi wa pili huwa ni nani alijua kabla ya nani. Katika riwaya yangu, binti aliipata kwa baba yake, mlangoni, akitafuta funguo:

"Kwani mama yako hajakwambia?"

Sura niliikatia hapo, na nikajiachia sura 6 nzima za kuwaangalia wakiishi na jambo hilo.