Namna ya kuchagua tairi za pikapu za kupiga masika na kiangazi, kwa sisi wa Kanda ya Ziwa

Wakuu, vuli ikikaribia huku Mwanza simu zinaanza, "kaka nataka kubadili tairi za gari, nichukue zile za meno makubwa?" na mi kila mara nauliza kwanza, hiyo gari kwa mwezi inapita wapi? Maana watu wengi wananunua tairi kwa sura. Anaiona kwa jirani, imejaa kwenye fenda, meno yanatisha, basi na yeye anataka, afu miezi sita mbele analalamika gari inakula mafuta, inapiga kelele kama trekta na kwenye lami yenye maji inateleza. Tairi chagua kwa kufuata barabara unazopita. Chukua mwezi mmoja tu wa kawaida, kaa chini hesabu, siku ngapi uko lami, ngapi moramu, ngapi mchangani, ngapi mbugani.

Mi ya kwangu ni Hilux dabo kebini, nafuata dagaa kwenye mialo, kule wavuvi wanakoshushia samaki, na msimu wa mavuno naingia ndani Kwimba na Magu kufuata choroko na mpunga, kwa hiyo kwa wiki moja naweza kukanyaga kila aina ya njia iliyopo mkoani. Na huku kwetu aina zenyewe hazifanani hata kidogo. Kuna mbuga, ule udongo mweusi, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono na ni mgumu kama tofali, ikinyesha nusu saa tu unageuka ulimbo. Kuna luseni, udongo wa kichanga wa kwenye miinuko, huo hauna shida sana mvua ikinyesha, unasumbua ukiwa mkavu. Kuna mchanga wa mwaloni ambao ukikosea unalala nao. Afu kuna mawe, we mtu wa Mwanza unayajua, hizi njia za kupanda milimani mtaani kwetu na moramu iliyochanganyika na vipande vya jiwe jeupe vyenye ncha kama chupa. Hivyo vipande ndo vinaua tairi nyingi kuliko matope, ila watu wanaogopa matope tu kwa sababu matope yanaaibisha mbele za watu na jiwe linakuchana kimya kimya.

Niwape moja iliyonifundisha. Nilikuwa na tairi za H/T, zile za barabarani, bado mpya kabisa, nikaingia ndani ya Kwimba asubuhi kukavu, narudi saa tisa mvua imeshapiga. Mita kama mia mbili za mbuga. Nilivyoingia tu nikaona usukani umekuwa mwepesi, nakata kulia gari inaenda moja kwa moja, nikashuka kuangalia, kashata, yale meno ya tairi, hazionekani kabisa, mifereji yote imejaa tope jeusi limeshindiliwa mpaka tairi imekuwa laini kama chungu, yaani tairi mpya imekuwa kipara kwa dakika mbili. Nikatoa panga nikaanza kubandua, linatoka kipande kizima chenye umbo la mfereji, unakiweka chini, unazungusha gurudumu mara moja linajaa tena. Tulivutwa na jozi mbili za maksai za mzee mmoja jirani pale, Mungu ambariki, alikataa hela akachukua sukari tu. Hapo ndo nikaelewa maneno ya mafundi kwamba tairi ya matope kazi yake kubwa ni kutema tope, hayo meno unayoyaona nje yanafuata baadaye.

Basi nikaruka upande wa pili, nikafunga M/T, zile za matope zenyewe. Mbugani zilikuwa tamu kweli, nafasi kati ya kashata ni kubwa, ukikanyaga mafuta kidogo tope linaruka hadi kwenye kioo na tairi inabaki safi. Ila maisha yangu mengi sio mbugani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hatusubiri tena pantoni, kile kilometa 3 cha maji unakivuka kwa dakika chache, Sengerema na Geita ni lami, na mtu anakimbiza. M/T kwenye lami mpira unaogusa barabara ni kidogo, breki kwenye maji zinachelewa, na mlio wake ukifika 80 huwezi kusikilizana na mtu wa siti ya nyuma. Na ziliisha haraka kuliko nilivyotegemea, tena ziliisha kwa mabonde mabonde.

Kwa hiyo kwa mtu anayetumia gari moja mwaka mzima jibu langu ni A/T, zile za njia zote, na nalitetea. Kama nusu ya safari zako au zaidi ni lami na moramu nzuri, na matope unakutana nayo lakini huishi humo, A/T ndo yako. M/T waachie wanaoshinda porini masika yote. H/T ni ya mtu ambaye gari yake inatoka Nyegezi kwenda Ilemela na kurudi, akienda shamba anaenda kiangazi.

Ila sasa A/T nazo zinatofautiana sana na hapo ndo watu wanapigwa. Kuna A/T ambayo ni H/T imeandikwa herufi tu. Ukifika dukani usisome kwanza, ishike. Pitisha kidole kwenye mfereji, kidole chako cha shahada kiingie bila kubana angalau kwenye ile mifereji mikubwa ya pembeni, na mifereji ya pembeni iwe imefunguka mpaka ubavuni, isiishie katikati, maana tope linatokea huko. Chini ya mfereji angalia kama kuna vijiti au vinundu vya mpira vimeinuka kidogo, hivyo vinazuia changarawe isikae humo ikatoboa polepole kuelekea ndani. Afu pandisha macho kwenye bega la tairi, pale kashata zinapokutana na ubavu, kama kashata zinashuka kidogo ubavuni hiyo ni nzuri kwa mawe, na ukiwa kwenye korongo la matairi ya malori zinashika ukuta wa pembeni.

Ubavu ndo roho ya hii biashara huku kwetu. Msumari ukiingia kwenye kashata fundi pancha anaziba unaondoka, ila jiwe likichana ubavu hiyo tairi imekufa, hata akikushonea usiiamini na mzigo. Kwa hiyo kwenye pikapu inayobeba tafuta tairi zenye herufi LT mwanzoni mwa saizi, au C mwishoni, hizo zimetengenezwa kwa gari za kazi, ubavu wake ni mnene. Watu wanaita plai 6, plai 8, plai 10. Plai 10 za siku hizi hazina tabaka kumi za kweli ndani, ni kipimo cha uimara tu, lakini tofauti unaiona. Pembeni ya saizi kuna namba ya uzito, mfano 265/65R17 112, hiyo 112 maana yake tairi moja inabeba kilo 1,120. Saizi hiyohiyo ya LT mara nyingi utakuta 120/117, hiyo 120 ni kilo 1,400 tairi ikiwa peke yake na 117 ni pale zinapofungwa mbili mbili. Jambo moja tu, LT inabeba huo uzito ukiwa umeijaza upepo mwingi, ukiweka upepo uleule wa tairi za zamani inabeba pungufu na inachemka. Na gari ikiwa tupu plai 10 inadundisha, mgongo utausikia, kama hubebi mzigo mzito kila siku plai 6 au 8 inatosha kabisa.

Wenye Land Cruiser pikapu zile za ringi 16 za tairi nyembamba za 7.50, msikimbilie kubadilisha ringi mpate tairi pana za mjini. Ile nyembamba ina maana yake, inakata tope la juu inafika kwenye udongo mgumu chini, na ikiwa ya tyubu fundi wa kijijini anaifungua kwa mitarimbo anaziba mnaendelea. Na nyie wa Kanta, malori madogo yenye tairi mbili mbili kila upande nyuma, kila mkitoka kwenye mawe chungulieni katikati ya hizo mbili, jiwe linabana pale linasaga ubavu wa zote mbili kwa pamoja.

Mwaka wa tairi. Hapa niliumia mwenyewe, duka moja mjini nilinunua nne zinang'aa, zimepakwa dawa, kashata nzima, bei nzuri, baada ya miezi nikaona nyufa ndogo ndogo kama za kisigino ubavuni, kwenda kuangalia namba zimetengenezwa miaka saba nyuma. Sikuangalia kabla ya kulipa. Tafuta maandishi DOT, mwishoni kuna tarakimu nne, mfano 2324, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yaani wiki ya 23 mwaka 2024. Mara nyingi hizo tarakimu zipo ubavu mmoja tu, kwa hiyo muuzaji akikuonyesha upande ambao hazipo mwambie ageuze. Mi zaidi ya miaka miwili dukani sichukui kwa bei ya mpya. Na mtumba ndo uangalie zaidi, kunja kashata kwa dole gumba utazame chini ya mfereji kama kuna nyufa, ingiza mkono ndani ya tairi upapase kama kuna kiraka au uvimbe, kama mpira ni mgumu kama soli ya kiatu cha zamani achana nayo hata kama kashata zimejaa. Viwanda vingi vyenyewe vinashauri tairi isizidi miaka 10 hata kama haijaisha. Iliyochongwa upya mifereji kwa moto usiiguse, pale chini mpira umebaki mwembamba na jiwe la Mwanza halina huruma.

Utaona pia M+S imeandikwa ubavuni, ni matope na theluji, karibu kila A/T inayo kwa hiyo isikuvutie. Kuna nyingine ina mchoro wa mlima na chembe ya theluji ndani, hiyo imepimwa kwenye theluji, ni kwa ajili ya nchi za baridi. Ukiikuta kwenye tairi nzuri sawa, ila usiongeze hata shilingi kwa ajili yake, misimu yetu ni mvua na jua tu.

Saizi, kaa kwenye ile iliyoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Najua wengi wanapenda kuinua kidogo. Ukitoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 kipenyo kinapanda kutoka milimita 776 hivi mpaka 803, kama asilimia 3 na nusu, kwa hiyo dashibodi ikikuonyesha 100 uko 103 na kitu, hilo unaishi nalo. Zaidi ya hapo ukikata usukani tairi inasugua, gari inakuwa nzito kuondoka, na spea tairi haiingii kwenye sehemu yake. Na ukibadili badili zote nne, spea nayo iwe ya kipenyo kilekile, kwa sababu ukiingiza foo wili na tairi zenye vipenyo tofauti unasaga difu.

Bei sikupangii maana inabadilika kila meli ikiingia, ila usigawanye hela kwa tairi, gawanya kwa kilometa. Tairi inayoonekana ghali ikikaa masika matatu ni nafuu kuliko ya bei chee inayochanika ubavu baada ya miezi miwili na mzigo wa dagaa juu yake unasubiri jua.

Afu upepo jamani. Nunua geji yako na kapampu ka kuchomeka kwenye betri, uache kukisia kwa kupiga teke. Pima asubuhi tairi ikiwa ya baridi. Ukiwa na mzigo kwenye lami fuata stika, ila kama umefunga LT badala ya tairi za zamani ongeza zaidi kama nilivyosema. Ukishuka mwaloni kwenye mchanga shusha mpaka PSI 18 au 20, utaona tairi inatanua chini kama mguu wa ngamia na gari inaelea, hapo nenda polepole, usikate kona kali, tairi inaweza kutoka kwenye ringi, na ukipanda tu juu jaza kabla hujashika lami. Kwenye moramu yenye mawe usijaze mpaka iwe kama ngoma, punguza kidogo na upunguze mwendo, tairi iliyojaa sana inachanika kirahisi kwa sababu hailali juu ya jiwe. Mbugani kushusha upepo kunasaidia kidogo tu, pale bora ushuke, uchomeke fimbo, ikizama zaidi ya kiganja na huna mtu wa kukuvuta, subiri, jua la masaa mawili matatu linafanya kazi.

Kuisha kwake, katikati ya mifereji kuna vinundu vingine vya alama ya kuisha, kimo chake milimita 1.6, kashata zikifika hapo hata kwa lami haifai. Kwa matope mi ikibaki milimita 4 nahesabu imeisha, napima kwa njiti ya kiberiti niliyoichora alama. Zungusha tairi za mbele kwenda nyuma kila kilometa elfu 8 mpaka 10, fanya alaimenti siku unayofunga mpya, na ukishatembea kama kilometa 100 simama, toa wili spana ukaze nati zote tena, ukifunga tairi mpya nati huwa zinalegea kidogo zikishakaa sawa.