Somo: Kupunguza ukungu na vivuli kwenye monita ya gemu

Habari zenu wakuu. Kuna watu wengi wananunua monita ya 144Hz (yaani inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde) kwa hela ya kujibana, wakianza kucheza Counter-Strike au FC wanaona wakigeuza kamera haraka picha inajaa ukungu na mchezaji anaburuza kivuli nyuma, basi wanasema monita mbovu wanaenda kuiuza kwa hasara. Inauma sana, maana mara nyingi monita ni nzima kabisa ila haijasetiwa.

Kwanza tenganisha vitu viwili. Ukungu unakuja kwa sababu fremu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo, inakaa kwenye kioo imetulia mpaka ije nyingine huku jicho lako linaendelea kukifuata kitu kinachokimbia, na kwenye 60Hz kila fremu inakaa milisekunde 16.7 wakati kwenye 144Hz inakaa 6.9 tu. Kivuli ni pikseli zinachelewa kubadilisha rangi. Dawa zake ni tofauti.

Hatua ya 1: angalia Hz. Windows inaweza kuiacha monita kwenye 60Hz na wewe hujui, kwa hiyo ingia Settings, System, Display, halafu Advanced display, chagua namba kubwa kuliko zote. Ukiikosa 144 angalia waya, HDMI 1.4 kwa 1080p mara nyingi inaishia 120Hz, tafuta waya wa DisplayPort.

Hatua ya 2: zima moshen blaa (Motion Blur) kwenye setingi za gemu lenyewe, hiyo ni ukungu wa makusudi kabisa.

Hatua ya 3: ovadraivu, na hapa ndo penye kazi. Iko kwenye menyu ya monita yenyewe, unaingia kwa batani za chini au za nyuma. LG na Samsung wanaiita Response Time, BenQ wanaiita AMA, kwenye ASUS nyingi ni Trace Free. Kazi yake ni kuzisukuma pikseli kwa nguvu zaidi zibadilike haraka. Iache monita iwake kama nusu saa kwanza maana kioo kikiwa baridi kinakuwa kizito, kisha fungua testufo.com umwangalie yule UFO anavyopita huku unapanda ngazi moja moja. Kivuli kitapungua, kitapungua, halafu ukizidisha kinatokea kivuli kingine cha ajabu, cheupe au chenye rangi za kinyume. Ukikiona hicho rudi ngazi moja, hapo ndo pako. Nawaomba msikimbilie ngazi ya mwisho, kwenye monita nyingi ile inaharibu picha kuliko kutokuwa na ovadraivu kabisa.

Hatua ya 4, ukitaka: kuzimisha na kuwasha taa ya nyuma kwa kila fremu, yaani DyAc ya Zowie, ELMB ya ASUS au MBR ya LG. Ukungu unakatika kweli, ila mwanga unapungua, wengine macho na kichwa vinauma, na monita nyingi zinakulazimisha uzime FreeSync, ile inayolinganisha Hz za monita na fremu za gemu. FPS zako (fremu ambazo PC inatoa kwa sekunde) zisipolingana na Hz utaona vitu viwili viwili, kwa hiyo kama PC inayumba achana nayo.

MASWALI

Mkuu yangu ni ya kioo aina ya VA, sehemu za giza kuna weusi unaburuzika hata nifanyeje.
Hiyo ni asili ya VA, pikseli zake zikitoka kwenye nyeusi zinachelewa sana. Ongeza kidogo mwanga wa weusi kwenye menyu, Black Equalizer au jina linalofanana na hilo, itapungua ila haitaisha.

Kaka natumia PS4, niweke ovadraivu ngapi?
Shusha. PS4 inatoa 60Hz, na ngazi iliyopangwa kwa ajili ya 144Hz ukiipeleka 60 inazidisha. Hata wenye FreeSync jueni hili, FPS zikishuka ovadraivu ileile inaweza kuanza kuleta kivuli cheupe, ndo maana upime kwa FPS unazopata kweli kwenye gemu lako.

Boksi limeandikwa 1ms mbona bado naona kivuli? Nimeibiwa?
Hapana ndugu yangu. Soma pembeni ya hiyo 1ms. Ikiwa MPRT (muda fremu inaoonekana kwenye kioo) ujue ni mpaka uwashe ile ya hatua ya 4, ikiwa GtG (muda wa pikseli kubadilisha rangi) mara nyingi wameipima kwenye ngazi ya juu kabisa ya ovadraivu, ileile niliyosema msiiguse. Weka ya kati, ucheze mechi mbili tatu halafu uje utuambie.