Kumjua Mhusika Kabla ya Kumwandika

Mwandishi anayeanza hushauriwa mara nyingi kujaza fomu ya mhusika: jina, umri, kimo, rangi anayoipenda, chakula asichokipenda. Nimejaza fomu za namna hiyo kwa miaka kadhaa, na hakuna hata moja iliyonisaidia kuandika ukurasa wenye uhai, kwa sababu kumjua mtu kwa orodha ya sifa zake ni sawa na kukisoma kitambulisho chake bila kuwahi kumsikia akizungumza. Ninachopendekeza ni kumfuata mhusika katika kazi yake, kisha katika salamu zake, mpaka ufike kwenye jambo analolificha.

Tuchukue mfano mmoja. Mzee Mbaruku ni mtu wa kubuni, fundi baiskeli katika mojawapo ya barabara za Ngamiani, mjini Tanga, zile zinazoitwa kwa namba. Usianze na sura yake wala tabia yake. Anza na mikono yake. Andika asubuhi yake moja tangu anapotandika gunia chini na kupanga vifaa, hadi mteja wa kwanza anapofika na pancha. Anatoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye beseni la maji na kungoja mapovu yaonyeshe tundu lilipo. Kama hujui kazi hiyo inavyofanywa, nenda ukakae kwenye benchi la fundi wa kweli, kwa ruhusa yake, uulize jina la kila kifaa, na usimsumbue wakati ana wateja. Katika kazi ndogo kama hiyo mna maamuzi mengi. Tyubu ikiwa na viraka vinne tayari, Mzee Mbaruku atabandika cha tano na kupokea pesa, au atamwambia mteja ukweli kwamba tyubu imekwisha? Mtoto wa shule akija bila senti, atamzibia bure, atamkopesha, au atamfukuza na baadaye kujutia? Ukishaamua hayo umejua mengi kuliko yale ambayo fomu ingekuambia.

Salamu ndizo zinazohitaji subira zaidi, na nasikitika kuona waandishi wetu wengi wakizipita haraka kana kwamba ni maneno ya kujazia mazungumzo. Chukua karatasi, uandike watu wote wanaopita mbele ya fundi huyu kwa siku moja, na kando ya kila mmoja uandike anavyomwita na anavyoitwa. Kijana wa jirani humwamkia "Shikamoo, babu", naye huitikia "Marahaba" bila kuinua macho kutoka kwenye spoku. Mwenye duka la ng'ambo ya barabara, aliye mdogo kwake kwa miaka ishirini, humwita "fundi" tu, naye humwita "bosi". Mkewe humwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, isipokuwa akiwa amekasirika. Sasa angalia mahali ambapo salamu hailingani na umri. Katika karatasi yangu nilijikuta nimeandika kwamba kuna mwanamume mmoja, hirimu yake kabisa, waliocheza pamoja utotoni, ambaye Mzee Mbaruku humpa shikamoo kila anapopita. Sikuwa nimelipanga hilo. Unapokuta jambo kama hilo, usilifute kwa kudhani ni kosa. Simama hapo na uulize sababu.

Ili kuipata sababu, weka umri wa mhusika juu ya miaka ya nchi. Mzee Mbaruku nimemfanya azaliwe mwaka 1955, mtoto wa manamba aliyetoka Kigoma kuja kukata mkonge Muheza. Hivyo alikuwa na umri wa miaka 12 hivi lilipotangazwa Azimio la Arusha mwezi Februari 1967, na katika mwaka huohuo serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Vilipoanza Vita vya Kagera mwaka 1978 alikuwa kijana wa miaka 23, naye nimemweka katika mgambo. Mgambo waliitwa vitani. Basi nikauliza: je, alikwenda? Nilipoandika kwamba hakwenda, kwamba alfajiri ya kuondoka alijificha kwa shangazi yake Pangani na yule rafiki yake akapanda lori peke yake, ile shikamoo ikapata maana yake yote.

Kuhusu jina nitasema machache. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, aliwaita wahusika wa "Kusadikika" Karama na Majivuno, na majina hayo yanaifaa hadithi ya nchi ya kufikirika. Anayeandika kuhusu watu wa Ngamiani anahitaji jina ambalo wazazi walilitoa bila kujua mtoto atakuwa nani. Mbaruku ni jina la mwenyeji wa pwani aliyempokea yule manamba, na kwa kulichagua baba alieleza mahali alipotaka mwanawe ahesabiwe kuwa wa kwao.

Jambo moja nalikataza kwa dhati: usimchukue jirani yako mzima mzima na kumbadilisha jina. Niliwahi kufanya hivyo kwa mama mmoja wa mtaani kwetu; alijitambua, akaumia, na hadithi yenyewe haikusogea, kwa sababu kila nilipotaka atende jambo jipya nilikumbuka kwamba yeye hakulitenda. Chukua ishara ya mkono kwa huyu, kauli kwa yule, na kazi kwa mwingine.

Hatua ya mwisho kabla ya kuanza hadithi ni kumwachia mtu mwingine amsimulie mhusika wako, kurasa mbili au tatu ambazo hazitaingia kitabuni. Nilimpa nafasi hiyo yule rafiki aliyerudi kutoka vitani. Nilitarajia lawama. Badala yake alisema kwamba Mbaruku ni mtu wa adabu kupita kiasi, kwamba hajui kwa nini humwamkia kama mkubwa wake, na kwamba alfajiri ile ya lori yeye mwenyewe alifurahi kuona mwenzake hakufika, kwa kuwa Mbaruku alikuwa na mama mgonjwa. Kwa miaka yote hiyo mmoja alikuwa akiomba radhi na mwenziwe hakujua kwamba anaombwa.

Hapo ndipo nilipofunga daftari la maandalizi na kuandika sentensi ya kwanza: rafiki huyo anakuja akikokota baiskeli yenye pancha, na Mzee Mbaruku anavuta beseni la maji karibu.