Namna ya kuandaa mafunzo ya ulinzi wa watoto parokiani, kuanzia kwa paroko hadi kwa mpiga kinanda

Semina ya kwanza ya ulinzi wa watoto niliyoiendesha ilikuwa na watu zaidi ya mia moja ukumbini, kipaza sauti kimoja, wali wa mchana na vyeti jioni. Miezi michache baadaye nilipata habari kwamba mwalimu mmoja wa kwaya alikuwa akimshikashika binti wa miaka 14, na kwamba wazazi wa binti pamoja na viongozi wa jumuiya yao ndogondogo, yaani kikundi cha waamini wa mtaa mmoja, walikwisha kukaa usiku, wakapokea maneno ya kuomba radhi na fedha kidogo, wakayamaliza kifamilia. Watatu kati ya waliokaa katika kikao kile walikuwa na cheti chenye saini yangu. Tangu hapo mafunzo yangu hupimwa kwa jambo moja tu: kama aliyehudhuria anaweza kuitoa taarifa nje ya ukoo na nje ya jumuiya, siku hiyohiyo, bila kuomba ruhusa ya kikao.

Ninaandika kwa ajili ya parokia ya Kikatoliki ya Tanzania, kwa kuwa ndiko ninakofanya kazi. Wasomaji wa madhehebu mengine watabadilisha vyeo, lakini sheria za nchi ni zilezile.

Hatua ya kwanza: orodhesha watu kwa saa wanazokaa na watoto

Usianze na vyeo. Chukua ratiba ya parokia ya wiki moja, kisha uandike ni nani huwa na watoto, kwa muda gani, mahali gani, na kama kuna mtu mzima mwingine anayewaona. Utagundua kwamba paroko, ambaye kila mtu humfikiria kwanza, huenda anakaa na watoto dakika chache baada ya Misa, wakati katekista wa Komunyo ya Kwanza, mlezi wa Utoto Mtakatifu (chama cha kimisionari cha watoto), mwalimu wa kwaya ya watoto na anayewafundisha watumikiaji wa altare wanakaa nao saa nyingi, mara nyingi bila malipo na bila mkataba wowote. Waongeze frateri, yaani mseminari aliye kwenye mazoezi ya kichungaji, sakristani anayetunza vyombo vya ibada, mlinzi wa usiku, mpishi wa nyumba ya mapadre, dereva anayewapeleka watoto kwenye kongamano, na mpiga kinanda anayebaki kanisani baada ya mazoezi. Waongeze pia wanaowatembelea wagonjwa na wazee majumbani, kwa kuwa mtu mzima asiyeweza kujitetea anahitaji ulinzi uleule.

Hatua ya pili: weka sharti kabla ya kuweka tarehe

Mafunzo yasiyofungamanishwa na haki ya kuhudumu hugeuka kuwa matangazo ya Jumapili. Omba Halmashauri ya Walei (baraza la waamini wasio mapadre wala watawa) na paroko wapitishe kwa maandishi kwamba hakuna atakayesimama mbele ya watoto kabla hajamaliza mafunzo, hajasaini kanuni za maadili, na hajaleta majina ya watu wawili wanaomfahamu, nje ya familia yake, ambao mtazungumza nao kweli. Kwa waajiriwa, omba pia cheti cha polisi kinachoonyesha kama mtu ana rekodi ya uhalifu, ingawa cheti hicho hakitakuambia chochote kuhusu mtu ambaye kesi yake ilizimwa nyumbani.

Sisi tumegawa mafunzo katika ngazi tatu. Kila mhudumu, hata asiyegusana na watoto, hupata saa tatu za msingi. Wanaokaa na watoto mara kwa mara hupata siku nzima, yenye mazoezi ya kuigiza. Mapadre, masista, wajumbe wa kamati tendaji na mratibu wa ulinzi hupata siku mbili, kwa kuwa wao ndio watakaopokea taarifa, na ndio watakaoshawishiwa kuzifunika.

Hatua ya tatu: fundisha yanayotokea, kwa maneno ya kila siku

Anza na sheria, kwa kifupi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, hivyo binti wa kidato cha tatu anayeimba sauti ya pili ni mtoto, hata kama anawazidi walezi wake kimo. Sheria hiyohiyo inampa kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kisha eleza kwamba ridhaa ya mtoto si utetezi kwa mtu mzima anayeshtakiwa kwa kumbaka, kwamba adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kwamba wazazi hawana mamlaka ya kuifuta jinai hiyo kwa kupokea mbuzi au fedha. Hapa ukumbi huwa kimya. Uache ukae kimya kidogo.

Ukiulizwa kama tatizo hili lipo kweli, rejea utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011: karibu wasichana 3 katika kila 10 waliohojiwa, wenye umri wa miaka 13 hadi 24, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana ilikuwa takriban 1 katika kila 7.

Muda uliobaki utumie kwa mifano. Mlezi anayempa mtoto mmoja simu na nauli na kumwambia asimwambie mama. Mwalimu anayetuma ujumbe wa WhatsApp kwa binti saa nne usiku badala ya kutumia kundi ambalo wazazi wamo. Mazoezi yanayoisha giza limeingia na mtoto akapakiwa kwenye pikipiki peke yake na mtu mzima. Kwa kila mfano, washiriki wataje kanuni itakayouzuia: watu wazima wawili wakati wote, mlango wazi, safari kwa kibali cha mzazi kilichoandikwa, kulala katika vyumba tofauti. Usiruke suala la fimbo. Makatekista wengi walilelewa nayo, na wengine watakutajia Mithali. Wajibu kwa upole lakini bila kulegea kwamba parokia hairuhusu.

Hatua ya nne: zoezi la mtoto anayesema

Hili ndilo kiini cha siku, na mimi hulipatia saa mbili. Mshiriki mmoja anaigiza mtoto, mwingine mlezi. Mlezi anatakiwa kusikiliza bila kushtuka, asiahidi kutunza siri, asiulize maswali yanayomwekea mtoto jibu mdomoni, amwambie kwamba amefanya vyema kusema, kisha aandike maneno yenyewe ya mtoto, tarehe, saa na saini. Haruhusiwi kumwita mtuhumiwa ili “asikilize upande wa pili”. Karibu kila mtu hukosea hapo mara ya kwanza, kwa sababu mila zetu za usuluhishi zinatufundisha kuwaita wote wawili mezani.

Kisha aeleze kwa sauti atampigia nani. Jibu sahihi kwetu ni mratibu wa ulinzi wa parokia, afisa ustawi wa jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Ikiwa mtuhumiwa ni mratibu au paroko, taarifa inaenda moja kwa moja kwa mamlaka hizo na kwa askofu jimboni. Namba 116, ambayo ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure. Penye ukatili wa kingono, mtoto asiogeshwe, nguo zake zisifuliwe, na afikishwe hospitali haraka, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze kutolewa ndani ya saa 72 tangu tukio. Fomu ya polisi PF3 inahitajika, lakini kama mtoto ameumia sana, mmoja ampeleke hospitali na mwingine aifuatilie fomu.

Hatua ya tano: kikao cha mapadre peke yao

Wape nafasi ya kuuliza bila waamini kuwapo. Swali la kwanza huwa siri ya kitubio, na hapo sheria ya Kanisa haibadiliki: siri hiyo haivunjwi. Ila kiti cha kitubio si ofisi wala benchi la chini ya mwembe, na linaloambiwa padre ofisini au chini ya mwembe, nje ya kitubio, halina kinga hiyo. Eleza barua ya Papa Fransisko, Vos estis lux mundi, ya mwaka 2019, iliyohuishwa mwaka 2023, inayomtaka kila klero (shemasi, padre au askofu) na mtawa aliyepata taarifa ya unyanyasaji uliofanywa na klero au mtawa mwenzake airipoti mapema kwa mamlaka ya Kanisa, inayokataza kumlipizia kisasi anayeripoti au kumwekea sharti la kunyamaza, na inayosema wazi kwamba taratibu zake haziondoi wajibu wa kuripoti uliowekwa na sheria za nchi. Padre anayedhani kumwandikia askofu kunatosha anapaswa kutoka kwenye kikao akijua kwamba polisi nao wanahusika.

Hatua ya sita: kumbukumbu na marudio

Tunza daftari la waliofunzwa, ngazi na tarehe, na uwarudishe darasani kila baada ya miaka mitatu. Anayehamia kutoka parokia nyingine asihesabiwe kwa maneno yake tu. Taarifa za matukio zikae kwenye kabati lenye kufuli, mbali na daftari hilo, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalihusu pia Kanisa.

Mwisho, bandika namba za simu kwenye mlango wa sakristia, ukumbini na chooni, na kila Januari uzipige zote wewe mwenyewe. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, namba mbili kati ya tano hazikupatikana, na moja ilipokelewa na mtu aliyekwisha kuhamishwa wilaya.